Kupumzika na Kupumzishwa: Lugha ya Saa za Kazi katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Mwaka 1930 mwanauchumi wa Kiingereza John Maynard Keynes alibashiri katika insha yake mashuhuri kwamba baada ya miaka mia moja watu wa nchi zilizoendelea watafanya kazi saa 15 tu kwa juma, na kwamba shida yao kubwa haitakuwa tena kutafuta riziki bali kujua namna ya kuutumia wasaa wao. Miaka hiyo mia moja inakaribia kutimia. Mitambo imezidi kuliko alivyoweza kuwaza, na sasa hata akili unde imeingia maofisini. Lakini saa hizo 15 hazionekani. Mjadala wenyewe umekwisha kufika katika Kiswahili kwa njia ya redio, magazeti na warsha, na mara nyingi hufika umebeba sentensi iliyotengenezwa tayari: kwamba mashine zitamfanyia mtu kazi, naye atabaki na muda wa starehe.

Kupima kama ubashiri huo ni wa kweli ni shughuli ya wanauchumi. Kinachohakikiwa hapa ni sentensi. Ndani yake mna maneno matatu, mashine, kazi na starehe, ambayo kwa msemaji wa Kiswahili wa Kwale, kuanzia ng'ambo ya Likoni hadi Vanga, yana historia yake. Hayakai pamoja kwa amani kama wafasiri wanavyodhani, na yafaa kuuliza kwa nini.

Na tuanze na kitenzi. Kutokana na pumua tuna pumzi, na kutokana na pumzi tuna pumzika. Kwa hiyo katika Kiswahili kupumzika ni kuirudisha pumzi iliyopotea kazini. Mgema ateremkaye mnazini akaketi kivulini anapumzika. Yeye ndiye mtenda, na hakuna aliyempa ruhusa. Lakini kitenzi hicho hicho kikivikwa viambishi viwili, kile cha kusababisha na kile cha kutendwa, huzaa pumzishwa. Na katika maofisi na viwanda vya Kenya kupumzishwa ni kuondolewa kazini. Asemapo mtu kwamba ndugu yake amepumzishwa, hakuna ampongezaye. Vitabu vya sarufi hushughulika na viambishi hivyo kama zoezi la mofolojia, nalo ni zoezi jema. Hata hivyo, swali lote la mashine na saa za kazi limo katika umbali uliopo baina ya maumbo hayo mawili. Wanaohesabu ni saa ngapi zitakazookolewa hawajafika kwenye swali lenyewe, ambalo ni la kisarufi kabla ya kuwa la kiuchumi: ni nani atakayekuwa mtenda wa mapumziko hayo?

Maneno yaliyotoka katika Kiarabu yanatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Nafasi, kwa asili yake, ni pumzi na mahali pa kupumulia. Wasaa ni upana. Faragha ni utupu, hali ya kutoshikwa na shughuli, ijapokuwa siku hizi limebanwa likabaki na maana ya siri na upweke. Starehe, ndugu wa raha, nalo lilikuwa ni pumziko tu. Katika maneno yote manne ni hili la mwisho lililohama mbali zaidi. Mtu wa starehe leo si mtu aliyepumzika. Ni mtu anayetumia fedha. Kwa hiyo mfasiri achaguaye starehe mahali ambapo wasaa ungefaa amekwisha kutoa hukumu bila ya kujua: amesema kwamba saa zilizookolewa na mashine zitanunuliwa. Huko Diani hukumu hiyo haina haja ya mfasiri, kwa kuwa neno la Kiingereza lenye maana hiyo limekuwa jina la mojawapo ya hoteli kongwe za ufuoni, Leisure Lodge.

Ngwe na kibarua

Kabla ya kazi kupimwa kwa saa ilipimwa kwa ngwe. Ngwe ni sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu alime. Neno lenyewe laonekana kuwa na undugu na ugwe, yaani kamba. Aliyeimaliza ngwe yake amemaliza siku yake, hata kama jua lingali kichwani. Maana ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chini ya kipimo cha ngwe, jembe lililo kali zaidi, au msaada wa jirani, au hata mvua iliyolainisha udongo, humpunguzia mkulima saa zake, na saa hizo ni zake. Chini ya kipimo cha saa, chombo kilicho bora hakimpunguzii mtu chochote: kitu alichokifanya kwa saa nane sasa atakifanya kwa nne, na nne zilizobaki ni za mwenye chombo, ambaye ataziagizia kazi nyingine au atampumzisha mtu mmoja kati ya wawili.

Hapana budi kutahadhari hapa, kwani ni rahisi mhakiki kuipamba ngwe ikawa neno la peponi. Katika mashamba ya pwani ya karne ya 19 ngwe ilikuwa kipimo cha mtumwa, naye msimamizi ndiye aliyeishika kamba. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Huko Unguja desturi ilimwachia mtumwa Alhamisi na Ijumaa alime chakula chake mwenyewe, jambo ambalo lilimpunguzia bwana gharama zaidi ya kumpunguzia mtumwa uchovu. Pamoja na hayo yote, kinaya kinabaki: mtumwa aliyemaliza ngwe yake aliweza kuondoka shambani, na mfanyakazi huru aliyemaliza kazi yake saa nane za mchana hukaa akitazama ukutani mpaka saa kumi na moja.

Kibarua nacho kina safari yake. Kwa asili ni barua ndogo, kikaratasi apewacho mtu wa kazi ya siku ili kiwe ushahidi wa ujira wake. Kutoka katika karatasi jina likamhamia mtu, na kutoka kwa mtu likaihamia kazi. Leo vijana wa Ukunda husema wanatafuta kibarua bila ya kufikiria barua yoyote. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu bandari ya Mombasa, ameonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyohangaishwa na vibarua wa gatini, hasa baada ya migomo ya 1939 na 1947. Kilichowaudhi wakubwa ni kwamba watu hao walichagua siku za kwenda kazini. Baadhi yao walikuwa na mashamba, na mtu mwenye muhogo na nazi hakuona sababu ya kuuza juma zima. Basi kibarua kwa wakati huo lilikuwa, angalau kwa sehemu, neno la uhuru: siku zangu nitazigawa mwenyewe. Leo ni neno la unyonge, la mtu asiyejua kama kesho ataitwa. Herufi hazikubadilika. Kilichobadilika ni shamba, ambalo kwa wengi halipo tena au halitoshi.

Juma la siku nne

Katika Ulaya limezuka dai la juma la kazi la siku nne. Iceland ilifanya majaribio ya kupunguza saa za kazi kati ya 2015 na 2019, na Uingereza ikafanya jaribio la siku nne mwaka 2022 kwa makampuni 61. Habari hizi huelezwa Afrika ya Mashariki kama ajabu ya wakati ujao. Wamijikenda, Wadigo wakiwa miongoni mwao, walikuwa na juma lao wenyewe la siku nne nzima, wala si siku nne kati ya saba. Siku tatu za kulima na moja, jumwa, ambayo jembe liliwekwa chini. Hesabu haihitaji mwanauchumi: pumziko moja katika kila siku nne ni zaidi ya pumziko moja katika kila siku saba ambalo Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamdhaminia mfanyakazi. Bila shaka jumwa haikuwa wikendi. Ilikuwa siku ya soko, ya mikutano ya wazee na ya mambo ya kaya, na mara nyingi wanawake hawakuwa na jumwa katika kuteka maji. Lakini ilikuwa ni siku ya wote kwa pamoja, jambo ambalo zamu za kiwandani haziwezi kulitoa, kwa kuwa mapumziko ya zamu humkuta mtu peke yake, wenzake wakiwa kazini.

Kiswahili chenyewe kimebeba alama ya mgongano huu wa kalenda. Juma la Waswahili huanza baada ya Ijumaa, ndiyo maana tuna Jumamosi, siku ya kwanza. Juma la ofisi huisha Ijumaa jioni. Kwa hiyo msemaji asemapo kwamba mwisho wa juma umeanza Jumamosi, anasema, kwa kuyazingatia maneno, kwamba mwisho umeanza siku ya kwanza. Si ajabu kwamba wengi wamelikubali wikendi likae lilivyo.

Kinu

Mfano ulio wazi zaidi wa mashine iliyookoa saa katika nyumba za Kwale haukutoka kwa mgeni wala katika kampuni kubwa. Ni kinu cha kusagia. Neno hili limefanya kazi ya ajabu: kinu na mchi vilikuwa vyombo vya mwanamke wa nyumbani, kisha jina likapewa mtambo wa dizeli, na hata kiwanda kizima, kama kinu cha sukari. Lugha imeona mwendelezo pale ambapo jicho huona mapinduzi. Mahindi yaliyochukua asubuhi nzima kutwangwa sasa husagwa kwa dakika chache. Ni dhahiri kwamba saa ziliokolewa. Zilikwenda wapi?

Azimio la Arusha la 1967, katika nchi jirani, lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, na wakati huo mashine za kusaga zilikuwa zimekwisha kuenea mahali pengi. Saa za kutwanga zilimezwa na safari ya kwenda mashineni na foleni yake, na maji, na kuni, na baadaye na ujira wa kufulia nguo za watu. Kitu kimoja tu kilichotoweka kabisa ni nyimbo za kutwangia, kwa kuwa injini ina mdundo wake na haimngojei mwimbaji. Wakusanyaji wa fasihi simulizi huuhesabu msiba huo kama hasara ya sanaa peke yake. Ulikuwa pia hasara ya wasaa, maana wimbo wa kutwanga ulikuwa ni mapumziko yaliyokaa ndani ya kazi, na mwanamke aliweza kumsema mumewe na mawifi zake humo bila ya kujibiwa. Msamiati wa kisasa, unaoiweka kazi upande huu na starehe upande ule, hauna mahali pa kukiweka kitu kama hicho.

Ramisi, Maumba, Diani

Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoanzishwa katika miaka ya 1920, kilifungwa mwaka 1988. Kwa miaka mingi king'ora na zamu zake ndizo zilizokuwa saa ya ukutani ya sehemu hiyo ya Msambweni. Kilipofungwa, watu walipata muda mwingi kuliko Keynes alivyowahi kumwahidi mtu. Hakuna aliyeuita starehe, wala wasaa, wala faragha. Jibu la pwani kwa anayeulizwa anafanya nini ni fupi: niko tu. Kiarifu hicho kisicho na kitendo, kiima na mahali tupu, chastahili kuingizwa katika kila mjadala wa saa zilizookolewa. Kilimo cha miwa kilirudi baadaye katika ardhi hiyo, chini ya kampuni iliyokuja na umwagiliaji wa matone, ambapo mabomba hufanya kazi iliyokuwa ya mikono mingi.

Huko Maumba na Nguluku, mchanga wa titani ulianza kuchimbwa na Base Titanium mwishoni mwa 2013, na shehena ya kwanza ikasafirishwa Februari 2014. Mwanzoni matingatinga yaliusukuma mchanga; baadaye mikondo ya maji yenye nguvu ikaukata mlima wa mchanga na kuupeleka katika mabomba, usiku na mchana. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, mchanga wenye faida ulipokwisha. Katika mambo haya hapana haja ya kumtafuta mkosaji. Mgodi huwa na mwisho. Linalomhusu mwanalugha ni kwamba mtambo huo haukuacha ngwe. Haukumwachia mtu sehemu aliyopimiwa, ambayo akiimaliza mapema ataondoka na siku yake. Uliacha zamu kwa walioajiriwa, na niko tu kwa wasioajiriwa, na kisha niko tu kwa wote.

Diani ni habari nyingine, nayo ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, kwa sababu huko kinachotengenezwa ni mapumziko yenyewe. Mwaka 1984 wafanyakazi wa vyuma wa Ujerumani ya Magharibi waligoma wakidai juma la saa 35. Hoja yao ilikuwa kwamba roboti zimeingia viwandani, na kama saa hazitagawanywa, watu watapumzishwa. Walilipata dai lao kwa hatua, na saa 35 zikatimia mwaka 1995. Hii ndiyo kesi adimu ya mashine iliyozaa wasaa, na yafaa ikumbukwe kwamba wasaa huo haukudondoka kutoka katika mashine; ulidaiwa. Katika miaka hiyo hiyo Wajerumani walikuwa miongoni mwa wageni wengi kabisa wa pwani ya Kenya. Saa zilizookolewa huko zilisafiri kwa ndege, zikatua Mombasa, zikavuka Likoni, na zikitandikwa kitanda na kumiminiwa kinywaji na mtu ambaye, kwa kanuni za jumla za mishahara za Kenya, juma lake laweza kufika saa 52 kwa siku sita. Starehe ya mmoja ni zamu ya mwingine. Tofauti ya 35 na 52 si takwimu tu. Ni tofauti ya pumzika na pumzisha, kwa kuwa hapa kitenzi kinatumika kwa umbo lake la tatu, ambalo halijatajwa: mhudumu humpumzisha mgeni.

Wala si kazi za mikono tu zilizoingizwa katika zamu hiyo. Ngoma nazo zimeingia. Sengenya ya Wadigo ilikuwa shughuli ya harusi na ya usiku mrefu, watu wakicheza mpaka wenyewe watosheke. Ngoma ya hotelini huanza baada ya chakula cha jioni na kumalizika kwa saa, na mchezaji hulipwa. Jambo lililokuwa la wasaa limekuwa kibarua. Mtu akidai kwamba mashine zitatuachia muda wa kucheza ngoma, mchezaji wa Diani anayo haki ya kuuliza: kwa ujira gani? Na biashara hii yote husimama mara moja, kama ilivyosimama baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 na tena wakati wa maradhi ya Korona mwaka 2020, na hapo watu wa hoteli wakajua kwamba likizo isiyo na malipo ni lugha ya adabu ya niko tu.

Fasihi na kitendwa kisicho na mtenda

Fasihi andishi ya Kiswahili haikulikwepa swali hili, ingawa wahakiki hawakuisoma hivyo. Shaaban Robert katika Utubora Mkulima anamwonyesha mtu anayeiacha ajira ya mjini akaenda kulima. Riwaya hiyo imelaumiwa kwa kuikimbia dunia. Lawama hiyo ina haki yake, lakini yapita pembeni: Utubora haachi kazi, anaacha saa. Anachokitafuta shambani ni siku iliyo yake, na raha yake imo ndani ya jembe kama wimbo ulivyokuwa ndani ya mchi. Katama Mkangi naye katika Walenisi ya 1995 anampeleka Dzombo katika nchi ya usawa kwa chombo cha angani. Mtambo wa ajabu umo, lakini nchi hiyo haikuwa njema kwa sababu ya mtambo. Ni njema kwa sababu ya jinsi watu wake wanavyohusiana, kama jina lake, wale ni sisi, linavyotangaza. Ni vigumu kuzipata katika waandishi hawa wawili, walio mbalimbali sana kwa itikadi, ndoto za mtu asiyefanya kazi kabisa. Wote wawili wamejishughulisha na nani mwenye siku.

Inabaki kazi ya waunda istilahi. Mashine zinazojiendesha ndiyo tafsiri iliyozoeleka, na kirejeshi ji- ndani yake chastahili kutiliwa shaka. Mkondo wa maji wa Maumba haukujiendesha. Akili unde nayo, ambayo yasifiwa kwa kujifunza yenyewe, imelishwa kwa sehemu na vijana wa Nairobi waliokaa mbele ya kompyuta wakipanga na kuchuja maandishi na picha kwa ujira mdogo, vibarua kamili ijapokuwa kikaratasi hakipo. Ji- humficha mtenda. Pumzishwa humficha pia, kwa njia yake: sarufi inaruhusu amepumzishwa na fulani, lakini katika mazungumzo na katika magazeti kijalizo hicho huachwa, na mahali pake huwekwa kutokana na. Mwezi Mei 2023, waandamanaji wa Kericho walipozitia moto mashine za kuchumia majani ya chai, ilikuwa rahisi kusema kwamba wachumaji walipoteza kazi kutokana na mashine. Kutokana na hutaja chanzo. Na hutaja mtenda. Wafasiri wa taarifa hizi wana nafasi moja tupu katika kila sentensi ya namna hiyo, baina ya kitenzi na nukta, na mpaka sasa wengi wao huijaza kwa jina la chombo.